Thawabu za Mzee Badi

Mzee Badi wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, alikuwa mfanyabiashara wa samli, na waliomjua walisema samli yake ilikuwa na kila kitu ndani, hata samli kidogo. Alitia viazi vitamu vilivyopondwa, alitia ndizi, na mwaka mmoja wa njaa inasemekana alitia kitu ambacho hata mwenyewe hakupenda kukitaja. Mizani yake ilikuwa na huruma kwa upande mmoja tu. Kisha, mwaka wa 1961, magoti yakaanza kulia kila akipanda ngazi, akaona safari imekaribia na mkoba ni mtupu. Akaita wachimbaji, wakatoboa mwamba wa matumbawe uani kwake mpaka wakakuta maji matamu, jambo lisilo la kawaida katika kisiwa kilichozungukwa na chumvi. Akatangaza msikitini kwamba maji yale ni wakfu: hayauzwi, na achote atakaye, awe Mwislamu au asiwe. Haukupita muda akafa, kwa utulivu wa mtu aliyekata tikiti mapema.

Kanuni yenyewe kila mtoto wa madrasa anaijua. Mtu akifa matendo yake hukatika, isipokuwa machache, na moja katika hayo ni sadaka inayoendelea. Kila anayekunywa maji ya kisima, thawabu humfikia aliyekichimba. Saadia, binti aliyerithi nyumba na kisima, aliliamini jambo hili bila kulipunguza wala kulipamba.

"Wenzangu baba zao walikuwa wacha Mungu," alikuwa akisema. "Kisima kikikauka wiki mbili, si neno. Baba yangu mimi hawezi kupumzika hata siku ya Idi."

Mwaka 1997 Saadia alikuwa amevuka hamsini, mwili mnene, ulimi mwepesi. Mume wake wa kwanza alikwenda Dubai kutafuta maisha, akayapata, hakurudi. Wa pili alikuwa akirudi nyumbani kila siku, na hilo ndilo lililomshinda Saadia, akadai talaka. Aliishi kwa kuuza mahamri na mbaazi barazani mwa nyumba yake, na tangu alfajiri watu wa mtaa walikuwa wakipita ubavuni mwake na ndoo, wakiingia uani kuchota. Hakudai senti. Alichodai ni kwamba kila anayetoka na maji aseme, kwa sauti ya kusikika, "Mungu amrehemu Mzee Badi." Yeye aliendelea kukanda unga huku akisikiliza. Aliyesahau aliitwa arudi.

"Wewe! Kuna kitu umeacha ndani."

"Nimeacha nini, Bi Saadia?"

"Baba yangu."

Sami, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, mzee mpole anayekunywa chai kuliko anavyoshona, alikuwa akija na birika lake mara kadhaa kwa siku, na alimrehemu Mzee Badi kabla ya kuchota, baada ya kuchota, na wakati mwingine ndoo ikiwa bado njiani kupanda. Rukiya, shoga wa Saadia tangu wote wawili wana meno ya maziwa, alikuwa na maneno yake mwenyewe: "Mungu amrehemu Mzee Badi, na amsamehe ile samli."

Mvua za vuli mwaka huo zilianza Oktoba, na mwanzoni watu walizipokea kwa adabu. Zilipopita wiki bila kituo, adabu ikaisha. Mji wa Kale una njia nyembamba ambazo maji yakishaingia hayajui pa kutokea. Yakaingia madukani, yakaingia madrasa, yakaingia katika msikiti mmoja na kukaa safu ya kwanza. Ukuta wa nyumba ya jirani, uliosimama tangu zama za Waarabu, uliketi chini mchana mmoja kama mzee aliyechoka kungoja kupewa kiti. Redio ikaeleza kwamba mvua hii ina jina, El Nino, na kwamba inatokana na bahari ya Pasifiki kupata joto.

"Pasifiki iko wapi?" akauliza Saadia.

"Mbali," akajibu Sami.

"Basi kama homa ni yake, mbona jasho twatoka sisi?"

Bara, mafuriko yalikata barabara na reli, mabasi yakakwama, na pale sokoni Mwembe Tayari nyanya zikaanza kuuzwa kwa nusu na robo, kama vile nyama. Kisha mafuriko yayo hayo yakang'oa bomba kubwa linaloleta maji mjini. Hivyo basi kisiwa cha Mombasa, kikiwa kimelowa toka darini hadi miguuni, kikakosa maji ya kunywa.

Aliyenufaika alikuwa Kitsao, kijana wa Kaloleni aliyesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji kutoka visima virefu vya ng'ambo ya kisiwa. Bei ilipanda hadi watu wakaanza kuosha uso kwa kitambaa, na Kitsao akanunua viatu. Alikuwa ndiye mtu wa pekee Kuze aliyeiombea mvua umri mrefu, mpaka habari zilipomfikia kutoka nyumbani kwamba mihogo ya mamake imeoza ardhini na mahindi yamelala. Tangu hapo alichuma mjini na kutuma kwao, na fedha zilipofika kule zilinunua unga uliopanda bei kwa sababu ya mvua ile ile.

"Mkono wa kulia wanipa, wa kushoto wanipokonya," akamwambia Saadia, akitafuna hamri la bure. "Mimi nimebaki katikati kama bomba."

"Heri wewe. Bomba lenyewe limevunjika."

Siku hizo kisima cha Mzee Badi kilipata heshima ambayo hakikuwahi kuipata. Watu walitoka Kibokoni, walitoka Makadara, foleni ikapinda kona. Saadia alikanda unga akisikiliza dua zikimwagika, akahesabu kwa kichwa, akaona kwamba kwa kasi ile baba yake huenda akawa ameshamaliza deni la viazi vitamu na sasa anaanza kulipa ndizi.

Mwishoni mwa Novemba akaja Beryl, afisa wa afya wa manispaa, msichana mrefu mwenye viatu vya mpira na subira nyingi. Alikuwa ameshateremsha chupa kisimani siku chache kabla, akaichukua kwenda kupima. Sasa amerudi na majibu.

"Mama, maji yako yana kinyesi."

Saadia akaacha kukanda. "Cha nani?"

"Kinyesi hakina jina, mama. Vyoo vya hapa vyote ni vya shimo, na mvua imejaza ardhi. Vyoo na kisima chako sasa vinatembeleana chini kwa chini. Kipindupindu kimeshaingia mjini. Nataka ukifunge mpaka mvua zitulie."

"Nikifunge? Mwanangu, hiki ni wakfu. Kuna mtu ananitegemea."

"Nani?"

Saadia akatazama juu, kisha, kwa kumjua babake, akatazama chini. "Hatuna hakika yuko wapi. Ndiyo maana sifungi."

Beryl hakucheka. Alikuwa amefunga visima vingine wiki ile, na kila kimoja kilikuwa na marehemu wake. Wakakubaliana atie dawa. Akamimina klorini, akaonya kwamba itabidi irudiwe, akaenda zake kwingine.

Hapa ndipo anapoingia Maalim Jaffar, mdogo wake Saadia, mwalimu wa madrasa. Jaffar hakuwa mjinga. Alikuwa na ugonjwa mwingine, wa kujua jambo moja vizuri sana. Kwa madhehebu ya pwani, maji yakizidi kipimo kiitwacho kulateni, kadiri ya pipa moja la mafuta, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, tamu, yaani ladha, au harufu. Kabla ya dawa, kisima kilikuwa na maji ya mapipa mengi, meupe, matamu, yasiyo harufu. Baada ya dawa, kilinuka kama sakafu ya hospitali. Kwa mizani ya Jaffar, basi, maji ya jana yenye kinyesi yalikuwa sawa, na ya leo yenye dawa yameharibika. Masheikh wengine mjini walikuwa wakihubiri wazi kwamba maji yanaweza kufaa kwa udhu na yasifae kwa tumbo, lakini Jaffar hakuwa mtu wa kwenda kuwasikiliza masheikh wengine.

"Dada," akasema, mbele ya foleni nzima, "watu wameacha kuchota. Wasema yananuka. Baba hapati kitu."

Neno la mwisho ndilo lililompata Saadia. Ni kweli, ndoo zilikuwa zimepungua. Hata Sami alikuja na birika, akanusa, akaaga kwa heshima.

"Wataka tufanyeje?" akamuuliza nduguye.

"Tuyateke yote, yatoke. Yaje mengine mapya, kama alivyoyaacha marehemu."

Wakamkodi Kitsao na kamba na ndoo mbili. Mtaa ukajipanga uani kusaidia, na kazi ikageuka sherehe. Rukiya alileta kahawa na halua. Ndoo zikapanda, maji ya dawa yakamwagwa njiani, yakakutana na ya mvua.

"Maalim," Kitsao akasema, jasho likimtiririka, "asubuhi wametia, jioni twatoa. Sisi na manispaa nani amwajiri mwenzake?"

"Vuta kamba wewe, acha siasa."

Jioni Jaffar alishuka mwenyewe ngazi mbili tatu ndani ya kisima, akanusa, akapanda akitabasamu. Harufu imeondoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Sami akapewa na Jaffar kikombe cha kwanza, kwa ukubwa wa umri, akanywa polepole kama anayeonja kazi ya mpishi, akasema, "Haya ndiyo maji." Foleni ikarudi, na dua zikarudi nayo.

Ilikuwa Desemba, na Ramadhani ilikuwa karibu. Redio ilisema mataifa yamekutana Japani kuzungumzia moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri, moshi ambao wataalamu wanasema unaipasha dunia joto. Kama mvua ile moja ilikuwa mtoto wa moshi huo, wataalamu wenyewe walikuwa bado wakibishana. Walichokubaliana ni kwamba joto likizidi, mvua na ukame wa namna hii vitazoea njia. Nchi tajiri zikaahidi kupunguza moshi kidogo, kidogo kidogo, kwa miaka mingi ijayo.

"Pilau wamekula wao," akasema Saadia, "masufuria twaosha sisi. Na maji ya kuoshea hatuna."

Kauli hiyo aliisema asubuhi. Adhuhuri Rukiya alianza kuharisha, na kabla ya magharibi alikuwa amebadilika sura, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya yabaki imesimama. Wakampeleka hospitali kwa mkokoteni wa Kitsao, mitungi ikateremshwa, shoga yake Saadia akapandishwa.

Saadia alikwenda kumtazama kesho yake mchana. Alikuwa ametumiwa salamu kwamba Rukiya ana kiu na hataki maji ya hospitali, ataka ya Kuze. Kwa hiyo akajaza chupa kubwa ya chai, ile yenye maua, kwa maji ya kisima, akaifunga vizuri, akavaa buibui, akaenda.

Wagonjwa wa kipindupindu walikuwa wamewekwa kwenye hema peke yao, nyuma. Vitanda vilikuwa vya turubai, vimetobolewa katikati, na chini ya kila tundu pana ndoo. Saadia alisimama mlangoni mpaka macho yakazoea. Kisha akaanza kuwatambua. Yule ni muuza kachiri za muhogo wa kona. Wale wawili ni mtu na mkewe, huja na jagi la buluu. Yule ni yule mama wa Kibokoni mwenye haraka, ambaye Saadia alimwita arudi juzi tu. Ilikuwa kama foleni ya kisimani, ila imelala.

Nao walimtambua. Yule wa jagi la buluu akainua mkono.

"Bi Saadia. Mungu amrehemu Mzee Badi."

"Mungu amrehemu," akaitikia mkewe, bila nguvu.

Na wengine wakaitikia, kitanda hadi kitanda, kwa mazoea, sauti kavu kama majani. Hakuna aliyekuwa akifanya kejeli. Mtaa mzima ulikuwa umefundishwa na Saadia mwenyewe, na sasa ulikuwa ukitoa alichodai, juu ya ndoo.

"Sami yuko wapi?" akauliza, kwa sababu kulikuwa na kitanda kitupu kinachooshwa.

Muuguzi akamtazama. "Yule mzee fundi? Alfajiri, mama. Tulimpokea ameshachelewa."

Rukiya alikuwa kitanda cha mwisho, mdogo kuliko alivyokuwa jana. Macho yake yaliiona chupa kabla ya kumwona aliyeishika.

"Umeyaleta. Nipe, shoga yangu. Haya yao yana chumvi na sukari, kama machozi ya mtoto. Nipe yetu."

Saadia alisimama na chupa mkononi. Hakuwahi maishani kumnyima mtu maji. Hata yule mume wa pili, siku alipomtoa nje na sanduku lake, alimpa kikombe kwanza.

"Sikupi."

"Nini?"

"Sikupi, Rukiya. Kunywa hayo ya chumvi."

"Wanichezea. Nafa, Saadia, nawe wanichezea."

"Hufi. Ukifa nani atamtukana baba yangu? Kunywa."

Akatoka nje, akamimina chupa nzima katika mtaro wenye chokaa nyuma ya hema, na nyuma yake akasikia Rukiya akimwita choyo, binti wa choyo, mjukuu wa muuza samli ya ndizi. Alimwita hivyo kwa nguvu kidogo, na muuguzi akasema hiyo ni dalili njema. Ilikuwa kweli: Rukiya alirudi nyumbani baada ya siku chache, mwembamba kama ufito, na kunyimwa maji kule hakumsamehe Saadia mpaka mfungo ukaisha.

Lakini siku ile Saadia alirudi Kuze akamkuta Kitsao barazani, amekalia mkokoteni aliousugua kwa dawa.

"Kitsao, nataka watu wasinywe kisima hiki tena."

"Waambie."

"Nani atanisikia? Afisa aliwaambia kuna kinyesi, wakauliza cha nani. Mimi mwenyewe ndiye niliyeuliza." Akafikiri. "Nikisema paka ametumbukia akafia ndani?"

"Bi Saadia, tafadhali. Maalim atanituma mimi nishuke kumtafuta paka. Nami nisipompata atasema maji ni safi zaidi."

Hilo lilikuwa kweli. Saadia akaingia jikoni, akatoka na galoni ya mafuta ya taa aliyoyaweka kwa majiko yake ya Ramadhani. Kitsao akasimama.

"Hayo ni mengi, Bi Saadia."

"Na maji pia ni mengi."

Akafungua kifuniko, akasimama ukingoni. Kwa miaka yote hii, mvua, jua, mapinduzi ya nchi jirani, kupanda kwa bei ya unga, ndoo haikusita hata siku moja. Akamwona babake, kama anavyomwona mara nyingi, amekaa mahali ameinama, mkono nje, akingojea kupokea. Kisha akamwona Sami na birika. Akamimina mpaka galoni ikakohoa.

Harufu ilimtoa Jaffar madrasa. Alikuja mbio, juzuu bado mkononi, akasimama ukingoni, akanusa, akarudi nyuma.

"Dada! Umefanyani?"

"Nimebadilisha harufu. Chovya kidole ulambe, utaona na tamu imebadilika. Rangi nimeiacha, nisije nikaonekana nina pupa."

"Umeharibu wakfu!"

"Sami amekufa, Jaffar. Yule uliyempa kikombe cha kwanza."

Jaffar aliketi juu ya ukingo wa kisima. Mvua ilikuwa imeanza tena, ndogo ndogo, na hakuna aliyejali kuingia ndani.

"Nilipima," akasema kwa sauti ndogo. "Mambo yote matatu. Nilipima."

"Najua ulipima. Nami nilikushika mkono."

"Na baba, je?" Alikuwa na miaka arubaini na mitano, ndevu zimeingia mvi, naye aliuliza kama mtoto. "Baba atafanyaje sasa, Saadia? Hana kingine."

"Leo wameniombea baba watu kumi na zaidi, juu ya vitanda vilivyotobolewa. Kama dua zile zilimfika, basi zilimfika zikinuka. Sitampelekea tena." Saadia akaingia ndani, akarudi na nyundo, misumari na ubao wa meza ya zamani ya samli, akavitupa miguuni mwa nduguye. "Tumeiachia ndoo itufanyie kazi yetu miaka yote hii. Sasa mwombee wewe. Mdomo unao. Mwombee huku wapigilia."

Jaffar akaokota nyundo. Hakuwa fundi; msumari wa kwanza ulipinda, wa pili ukampata kidole, na hapo alitamka neno ambalo si dua. Wa tatu ukaingia. "Mungu amrehemu baba," akasema, akachukua mwingine. Kitsao alishikilia ubao usiteleze.

"Na mimi nimwombee?" akauliza. "Mimi ni mtu wa kanisani."

"Omba," akasema Saadia. "Baba hakuwa akichagua wateja."

Kitsao akafumba macho, akasema maneno mafupi kwa Kigiriama, kwa bidii, mvua ikimlowesha viatu vyake vipya. Alipofumbua, Saadia alikuwa ameshamletea mitungi miwili mitupu na kuisimamisha mbele yake, aende akamchotee maji ya mahamri ya kesho, na asimwambie bei mpaka arudi.